Gerald Bull hakutaka kujua mteja ni nani

Wapo wanaomtetea Gerald Bull mpaka leo. Wanasema mhandisi huyo wa Kanada hakuwa mchuuzi wa vita, bali mtu wa anga za juu aliyenyimwa fedha. Utetezi huo una ukweli ndani yake, na ndiyo maana inafaa tuupime.

Miaka ya 1960 Bull aliongoza mradi wa HARP kwa fedha za Kanada na Marekani. Kule Barbados alichukua mizinga ya zamani ya manowari, akaunga mitutu miwili kuwa mmoja mrefu, akauelekeza juu. Alitaka kurusha vyombo vya uchunguzi, na baadaye setilaiti, kwa gharama ndogo kuliko roketi. Novemba 1966 mzinga wa mradi huo uliokuwa Yuma, Arizona, ulirusha chombo hadi kimo cha kilomita 180. Mwaka uliofuata fedha zikakatwa.

Hapo ndipo alipoanza kuteleza. Kampuni yake, Space Research Corporation, iligeukia mizinga ya kivita ya milimita 155. Bull alilichonga upya kombora, likawa refu na jembamba, likakata upepo na kwenda mbali kuliko ya majeshi makubwa. Aliyelitaka ni Afrika Kusini ya makaburu. Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku kuiuzia silaha nchi hiyo Novemba 1977, lakini makombora ya Bull yakapenyezwa. Kazi yake ndiyo iliyozaa mzinga wa G5, unaofika zaidi ya kilomita 30, ambao makaburu waliutumia Angola, Cuito Cuanavale, mwaka 1987 na 1988. Sisi ambao Dar es Salaam yetu ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU hatuwezi kuisoma habari hii kama ya ufundi mtupu.

Mwaka 1980 alikiri kosa la kuiuzia silaha Afrika Kusini mbele ya mahakama ya Marekani, akafungwa miezi michache. Alitoka na kinyongo, akiamini wakubwa walijua kila kitu kisha wakamtosa. Huenda alikuwa na haki ya kulalamika, kwani serikali zilizonufaika naye hazikuwa na mikono safi. Ila kinyongo chake hakiwahusu kabisa watu waliopigwa kwa mizinga yake.

Akahamia Brussels, na mwaka 1988 akaafikiana na Iraq ya Saddam Hussein. Ni mwaka uleule ambao Wakurdi wapatao 5,000 waliuawa kwa gesi ya sumu mjini Halabja. Mradi uliitwa Babylon: mtutu wa mita 156, wenye tundu la upana wa mita 1. Watetezi wake husema mzinga wa namna hiyo, uliolazwa mlimani na usiogeuzika, haufai vitani, kwa hiyo bila shaka ulikusudiwa setilaiti. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, nami naikubali nusu. Naamini kweli alitaka setilaiti. Lakini wakati huohuo aliwasaidia Wairaki kuboresha makombora ya Scud, ambayo yalikwisha kuangukia miji ya Iran na kuua raia. Kwake hiyo ilikuwa bei ya kupewa mtutu wake. Alijua anacholipia na nani atakayeumia, akalipa.

Machi 22, 1990 alipigwa risasi mlangoni mwa nyumba yake Brussels. Wengi huitaja Israel, ila hakuna aliyewahi kuhukumiwa. Kumuua mtu bila kumfikisha mahakamani ni uhalifu, nami siutetei. Wiki chache baadaye forodha ya Uingereza ilikamata vipande vya mtutu vilivyoandikwa kuwa ni mabomba ya kiwanda cha kemikali za mafuta.

Mzinga mkubwa haukukamilika. Ile midogo ya milimita 155, iliyotokana na kazi yake, ilikuwa tayari mikononi mwa jeshi la Iraq lilipoivamia Kuwait Agosti mwaka huo. Wahadhiri wa uhandisi wa vyuo vyetu na wamfundishe Bull darasani, hesabu zake pamoja na orodha ya wateja wake.