Kabla ya kulaumu pampu, pima mita ya pikipiki yako

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na siku hiyo hiyo mjadala huanza vijiweni. Tabora tuko mbali na bandari, bei inabeba na gharama ya kusafirisha, hivyo kwa bodaboda anayetoka Itetemia kwenda mjini kila lita ina maana. Wengi wanajua hesabu yenyewe: kilomita gawanya kwa lita. Lita zimo kwenye risiti. Tatizo liko kwenye kilomita.

Mita ya kilomita haioni barabara. Inahesabu mizunguko ya gurudumu, na kwenye pikipiki nyingi za bodaboda ni gurudumu la mbele, kupitia gia ndogo iliyo kwenye habu na waya unaopanda hadi kwenye dashibodi. Kiwandani waliipanga kwa tairi la ukubwa fulani. Ukifunga tairi kubwa zaidi, kila mzunguko unafika mbali kuliko mita inavyodhani, nayo inasoma pungufu. Ukifunga dogo, inazidisha. Tairi lililolika nalo huzidisha, ila kidogo tu, kama asilimia 1 hivi. Kosa kubwa huja fundi anapoweka gia ya pikipiki ya aina nyingine: inaingia, inazunguka, lakini hesabu si yake.

Tuseme umekwenda kilomita 100 za kweli kwa lita 2. Hiyo ni kilomita 50 kwa lita. Mita inayosoma pungufu kwa asilimia 10 itaandika 90, nawe utapata 45. Hapo dereva anasema kituo kimempunja, na mwenye pikipiki anasema dereva anauza mafuta. Mkataba unaweza kuvunjika kwa sababu ya kagia ka plastiki.

Kupima si kazi. Nenda kilomita 20 ukifuata nguzo za kilomita za barabara kuu, au ramani ya simu yenye GPS. Mita ikiandika 18, basi 20 gawanya kwa 18 ni 1.11, kila kilomita utakazosoma zizidishe kwa namba hiyo. Kisha jaza tangi, fanya kazi siku mbili tatu, jaza tena kwenye pampu ile ile. Mshale wa spidi usikuchanganye: viwanda huupanga uonyeshe mwendo zaidi kidogo ya ule halisi, kwa usalama.

Ukisharekebisha kilomita na lita bado hazitoshi, pampu hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Nenda na risiti zako.