Maabara nayo ni mtaji

Tanzanaiti, iliyogunduliwa mwaka 1967, hupatikana Mererani tu, katika nyika kame ya Simanjiro. Mara nyingi hutoka ardhini ikiwa ya kahawia. Joto la nyuzi zipatazo 500 ndilo huitoa buluu, kutokana na vanadi iliyomo; lakini jiwe lenye nyufa likichomwa huweza kupasuka.

Wapo wanunuzi wanaoona ujinga wa mchimbaji ndiyo faida yao. Hiyo ni hesabu fupi: jiwe lililopasuka hushuka bei kwa wote. Ukuta wa kilomita 24.5 uliokamilika mwaka 2018 ni wa kuzuia magendo, si hasara hiyo. Dawa yake ni kemia na jiolojia katika sekondari za Simanjiro. Wafanyabiashara wachangie maabara, watavuna sokoni.