Kwenye Simu, Kizuri Hakijiuzi: Somo la Sari za Pamba za Kusini mwa India

Wadau, kuna methali tunaipenda sana sisi watu wa biashara: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni, sawa. Mteja anashika kitambaa, anakivuta, anakigusisha shavuni, anajua. Lakini mteja wako wa mtandaoni anashika nini? Anashika kioo cha simu. Humo, sari iliyofumwa kwa mkono na sari iliyotoka kwenye mashine ya umeme zote ni picha tu. Tena ya mashine ndiyo inaonekana imenyooka zaidi!

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ukiuza kitu cha mkono mtandaoni, maneno unayoandika chini ya picha ni sehemu ya bidhaa. Ukidanganya, umeuza bidhaa mbovu. Ukiandika kivivu, umeitupa bei yako mwenyewe.

Tuchukue sari za pamba za kusini mwa India, maana wenzetu huko wamepambana na jambo hili miaka mingi. Kabla sari haijaanza kufumwa, nyuzi za mtande hutandazwa mtaani, hupakwa wanga wa mchele, hunyooshwa na kukaushwa. Kisha mfumaji anakaa kwenye mtambo, sehemu nyingine mtambo wenyewe uko juu ya shimo sakafuni, miguu inakanyaga chini, mikono inarusha uzi juu. Uzi mmoja, halafu mwingine, mpaka zitimie mita kama tano na nusu. Sasa mtu anakuja na kitambaa cha mashine, anakipiga picha nzuri, anaandika "imefumwa kwa mkono", anauza nusu bei. Unadhani mfumaji atakula nini?

India waliliona hilo. Mwaka 1985 walitunga sheria ya kutenga aina kadhaa za nguo, baadhi ya sari zikiwemo, zifumwe kwa mkono tu. Mwaka 2006 wakaanzisha Handloom Mark, lebo ya kumthibitishia mnunuzi kwamba nguo ni ya mkono. Mwaka 2015 wakatangaza tarehe 7 Agosti kuwa siku ya kitaifa ya nguo za mkono. Na bado nguo za mashine zinauzwa kwa jina la mkono. Sheria haiwezi kukaa kwenye kila posti. Anayekaa pale ni wewe muuzaji.

Wengine watasema: "Mteja wetu anaangalia bei tu, hayo mengine hana habari nayo." Wapo wa hivyo, nakubali. Basi wauzie ya mashine na uiite ya mashine. Si dhambi, ni nguo halali kabisa na ina wateja wake. Dhambi ni kubadilisha jina. Neno "mkono" likishachakaa, siku utakayoleta sari ya kweli uliyoinunua kwa bei ya haki, mteja atakujibu: "Zote si zilezile tu?"

Halafu "sari ya kihindi, pamba, bei njoo inboksi" haimwambii mtu chochote. Kandangi ya Chettinad, Tamil Nadu, ina uzito wake, ina mistari na miraba mikubwa, na mwaka 2019 ilipata ulinzi wa jina la mahali inakotoka. Ya Mangalagiri, Andhra Pradesh, mwili wake mara nyingi ni wa rangi moja na pambo liko ukingoni. Ya Kerala ni ya rangi ya maziwa yenye ukingo wa dhahabu. Ilkal ya Karnataka, ncha ya begani huwa ya hariri na huunganishwa na mwili wa pamba palepale mtamboni. Hizo ni bidhaa nne, wateja wanne, bei nne. Wewe unaziita jina moja?

Andika hivi: "Sari ya pamba ya Mangalagiri, imefumwa kwa mkono. Mita 5.5, pamoja na kipande cha blauzi. Kuna fundo dogo la uzi karibu na ukingo, tazama picha ya nne. Mara ya kwanza ifue peke yake kwa maji baridi, rangi inaweza kuchuja." Halafu weka bei. Mteja akishaambiwa fundo mapema, hawezi kukurudishia mzigo kwa sababu ya fundo. Analichukua kama alama ya mkono wa mtu.

Na wewe unaponunua, usimeze neno la dalali. Omba picha ya upande wa nyuma, ya ukingo na ya lebo. Ukingoni tafuta vitundu vya pini za kijiti kinachotanua nguo mtamboni, ila usitegemee dalili hiyo peke yake. Uliza imefumwa mji gani, na ushirika gani au nani. Akibabaika, usiandike "mkono". Andika unachokijua tu.

Unaona ukweli hauuzi? Agosti 2018 mafuriko yaliingia Chendamangalam, Kerala, kijiji cha wafumaji, muda mfupi kabla ya sikukuu ya Onam, msimu wao mkubwa wa mauzo. Mitambo iliharibika, sari zikajaa tope. Lakshmi Menon na Gopinath Parayil wakaja na wazo la kuzisafisha na kuzikata ziwe vidoli vidogo, wakaviita Chekutty. Hawakuficha madoa, waliyaeleza. Sari ya rupia kama 1,300 ilitoa vidoli 360, kila kimoja rupia 25. Piga hesabu: rupia 9,000, kutoka kwenye nguo ambayo ingetupwa.

Doa lililoelezwa liliuzika kuliko sari nzima. Sasa wewe mwenye mzigo safi, unaogopa nini kusema ulivyo?

Leo fungua ukurasa wako, chagua bidhaa moja, andika upya maelezo yake. Kisha yaweke hapa kwenye komenti tuyaone.