Wahakiki tele, watunzi wako wapi?

Mwalimu chipukizi anapoingia darasa la kidato cha pili na kuwaamuru wanafunzi watunge kisa kwa lugha ya Kiingereza, hutokea jambo ambalo wakaguzi wa shule hawalioni. Mara nyingi mwalimu huyo anawadai watoto kitu ambacho yeye mwenyewe hajakifanya tangu alipotoka kidato cha nne. Shahada anayo. Maudhui, wahusika na mbinu za lugha atakueleza mpaka uchoke. Lakini mwambie akuandikie kurasa tatu za hadithi yake mwenyewe, uone atakavyotokwa na jasho.

Jioni atazibeba insha hamsini au sitini, aketi na kalamu nyekundu asahihishe tahajia na nyakati za vitenzi. Kwa nini kisa kimeporomoka katikati, au kwa nini bibi kizee wa kijijini anazungumza kama msomaji wa taarifa ya habari, hayo hayasemi, kwa kuwa hakufunzwa kuyaona. Nayo insha ya kubuni, msomaji asisahau, imetengewa alama 20 kati ya 60 katika karatasi ya tatu ya Kiingereza ya KCSE.

Lawama hii haimwangukii mwalimu. Inaziangukia kozi za Kiingereza na fasihi katika vyuo vikuu vyetu. Si kwamba utunzi haumo kabisa katika orodha za masomo. Umo, lakini aghalabu umewekwa pembeni kama somo la hiari, na anayesomea ualimu anaweza kumaliza miaka minne bila kuugusa.

Ajabu ni kwamba waliozijenga idara hizi walikuwa watunzi. Mwezi Oktoba mwaka wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitoa waraka wa kutaka idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Afrika, ikiwemo fasihi simulizi, iwekwe kitovuni. Hatimaye idara ya fasihi ilizaliwa, na hakuna mwenye akili timamu anayeomboleza mabadiliko hayo. Hata hivyo, katika vita hivyo swali kuu lilikuwa ni vitabu gani visomwe. Swali la nani ataviandika vingine halikupata uzito uo huo.

Nao wenyewe walilijua jibu kwa maisha yao. Ngũgĩ aliandika riwaya zake mbili za kwanza akiwa mwanafunzi wa Makerere, ambako idara ya Kiingereza ilikuwa na jarida la Penpoint, lililoanzishwa mwaka wa 1958 kuchapisha kazi za wanafunzi. Taban naye alikuwa amehitimu Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambako utunzi hufundishwa hadi shahada ya uzamili: mwanafunzi huisoma kazi yake mbele ya wenziwe, ikachambuliwa, akarudi kuiandika upya.

Wapo watakaosema kipaji hakifundishwi. Hoja hii imechakaa. Malenga wa Lamu na Mombasa hawakuzaliwa wakihesabu mizani; walikaa miguuni pa wakongwe, beti zao zikakataliwa, wakatunga tena. Seremala naye hufunzwa, na hatumwambii asubiri kipaji kimshukie.

Hoja nzito zaidi ni ya idadi. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu hawezi kusoma hadithi mia tatu na kuzirudisha zikiwa na maelezo ya maana. Kweli tupu. Lakini madarasa yakigawanywa katika makundi madogo, na wahadhiri wasaidizi wakapewa jukumu hilo, mzigo utabebeka. Isitoshe, vyuo viache kumpima mhadhiri kwa makala za majarida pekee. Aliyechapisha riwaya nzuri ahesabiwe kuwa amefanya kazi ya kitaaluma.

Kuhusu lugha, tusiwabane vijana. Anayeona kisa chake kinamjia kwa Kiswahili au kwa lugha ya mamaye, na aanzie huko kisha atafsiri. Ngũgĩ, aliyefariki mwaka wa 2025, alichapisha Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kikuyu mwaka wa 1980, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyetafsiri kurasa kumi za kazi yake atakuwa amejifunza sarufi ya Kiingereza kuliko aliyekariri kanuni zake usiku wa kuamkia mtihani.

Tunawaomba wakuu wa vitivo waanze na jambo dogo. Mwanafunzi wa ualimu anayekwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha Kiingereza awe na hadithi moja katika faili yake, pamoja na maandalio ya somo: hadithi aliyoitunga mwenyewe, ikasomwa na mhadhiri wake, ikarudishwa, naye akaiandika upya walau mara mbili. Asiye nayo asipangiwe shule.