Uzamivu Bila Msimamizi Ni Kuzama Tu

Wasee, leo sizunguki. Chuo kinachochukua pesa ya mwalimu anayeomba PhD, kikamwandikia barua ya kumkubali, na hakijui ni nani atamsimamia, kinauza hewa. Na sisi tunachinja kuku tukisherehekea hiyo hewa. Mi pia nilikula hiyo kuku, ndio maana nina hasira.

Huku Mukurweini shangazi tunamwita tata. Tata wangu ana miaka 47 na anafundisha shule ya msingi, si mbali na Kiahungu. Digrii aliipata akiwa kazini. Uzamili pia, kwa zile masomo za likizo: Aprili, Agosti, Desemba. Wenzake wakipumzika ama wakichuma kahawa, yeye yuko kwa mathree na begi la vitabu.

Hakutaka PhD ya elimu ndio aitwe Daktari kwa harusi. Ana swali linalomsumbua. Mtoto wa gredi ya tatu anafundishwa hesabu, mwalimu anamwelezea kwa Kikuyu, anashika vizuri. Akifika gredi ya nne lugha ya kufundishia inakuwa Kiingereza, na yule mtoto aliyekuwa anagawanya bila shida ananyamaza. Hesabu imempotea ama ni lugha imemfungia mlango? Tata ameona hii kitu zaidi ya miaka 20. Jibu la "watoto wa siku hizi ni wavivu" halimtoshi. Anataka kujua, na anataka ijulikane.

Mwaka 2024 akaamua kuomba nafasi. Kuna watu walicheka. Ati PhD ya nini na TSC haikupandishi cheo kwa sababu ya cheti? Hapo walikuwa na pointi. Tangu mwongozo wa 2018, mwalimu anaweza kurudi na shahada mpya na akabaki kwa gredi ile ile. Tata akawaambia, "Sijaenda kutafuta mshahara, nimeenda kutafuta jibu." Nikadhani hao wacheshi ndio maadui wa hii hadithi.

Maombi tulijaza pamoja usiku mmoja kwa laptop yangu. Cheti cha KCSE, cha digrii, cha uzamili. Transkripti, ambayo ilimgharimu safari mbili na siku mbili za ruhusa. Barua za walimu wake wawili wa zamani. Pendekezo la utafiti la kurasa nane, ambalo aliliandika upya mara tano akisahihisha vitabu vya watoto katikati. Mwisho, ada ya maombi kwa M-Pesa. Hakuna mahali hiyo fomu iliuliza, "Ungependa nani akusimamie?" Wala hakuna mahali ilisema, "Hawa ndio wanaoweza kukusimamia." Hiyo ingetushtua. Haikutushtua.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Haraka hivyo! Kuku akachinjwa. Mzee mmoja akaanza kumwita Daktari kabla hajasoma hata ukurasa mmoja. Tata akalipa muhula wa kwanza kutoka kwa mkopo wa Sacco. Kwa ule ukurasa wa karo kulikuwa na mstari unaosema "ada ya usimamizi". Sikumbuki kama yeyote kati yetu aliuliza huo usimamizi uko wapi.

Akaenda idarani. "Msimamizi utapangiwa, mwalimu. Tutakupigia." Miezi 14, wasee. Mara anayefaa amestaafu. Mara aliyebaki ana wanafunzi wengi. Halafu ukaja mgomo wa wahadhiri wa 2025, siku 49, Septemba hadi Novemba. Pendekezo lake la kurasa nane halijasomwa na mtu yeyote. Lakini muhula ulipoanza, ankara ilikuja kwa wakati. Na ule mstari wa ada ya usimamizi ulikuwa pale pale.

Chuo sikitaji. Kwanza, nikikitaja mtasema shida ni hicho kimoja. Si kimoja.

Tuangalie sheria kidogo. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, hao CUE, ilitoa viwango vipya. Wahadhiri waliambiwa wawe na PhD, wakapewa miaka 5. Foleni ya waombaji ikajaa. Lakini viwango hivyo pia viliweka kikomo: mhadhiri mmoja asisimamie zaidi ya wanafunzi 3 wa uzamivu kwa mwaka. Sasa tupige hesabu ya gredi ya tatu. Idara ina watu 4 wanaoruhusiwa kusimamia. Mara 3, ni 12. Na hapa Kenya mwanafunzi wa PhD kwa kawaida hupewa wasimamizi wawili, kwa hivyo hata 12 ni ndoto. Ukikubali watu 30 kwa idara kama hiyo, hujawapa nafasi ya kusoma. Umewauzia foleni.

Mnakumbuka Juni 2019, JKUAT ilipotoa PhD 118 kwa sherehe moja? Nchi nzima ilishangaa, na CUE ikaingia kuchunguza. Tulipiga kelele kuhusu waliohitimu haraka. Wale ambao hawahitimu kabisa, wanaolipa mwaka baada ya mwaka bila kusomwa, hao hawana sherehe ya kupigwa picha. Hakuna anayewahesabu.

Najua mtaniambia vyuo havina pesa na wahadhiri wameonewa. Nakubali, tena kwa sauti. Mgomo wa 2025 ulikuwa wa haki: walikuwa wanadai pesa za makubaliano ya zamani, Sh7.9 bilioni. Mhadhiri ambaye hajalipwa simlaumu akikosa kusoma sura ya pili ya Tata. Lakini hebu niambieni, deni la serikali kwa mhadhiri linalipwaje na mkopo wa Sacco wa mwalimu wa Mukurweini? Kama chuo kina uwezo wa watu 6, kikubali 6, kiwaambie wengine wajaribu mwaka ujao. Kuambiwa hapana mapema kunauma wiki moja. Ndiyo ya uongo imemla Tata miezi 14.

Na sisi vijana tusijifanye hatuoni kile kinachofuata. Kila mmoja wetu anajua msee anayelipia keja kwa kuandikia watu insha na tasnifu mtandaoni. Hiyo biashara ya Kenya inajulikana hadi nje. Profesa Patricia Kingori wa Oxford ameifuatilia kwenye filamu ya 2024, The Shadow Scholars. Inashamiri pale ambapo hakuna anayesoma kazi ya mwanafunzi kwa karibu. Msimamizi anayekujua, aliyekuuliza maswali kuanzia ukurasa wa kwanza, atajua sura ya tatu si yako. Foleni haijui.

Huku Nyeri tunapenda kujisifu na Wangari Maathai wa Ihithe: mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata PhD, mwaka 1971. Sawa, tujisifu, lakini tusimulie yote. Mwaka 1966 alirudi kutoka Marekani akiwa ameahidiwa kazi chuoni Nairobi, akafika akakuta imepewa mtu mwingine. Aliyembeba ni profesa mmoja Mjerumani, Reinhold Hofmann, aliyekuwa anaanzisha idara ya anatomia ya mifugo. Alimpa kazi, akamhimiza afanye uzamivu, na 1967 Wangari akaenda Ujerumani kuendelea na utafiti. Akili alikuwa nayo tayari, na bidii pia. Lakini kulikuwa na mtu mwenye jina, mwenye ofisi, aliyesema: huyu nitamsimamia mimi. Hadi leo huko Ujerumani kwa kawaida unatafuta profesa kwanza, akikukubali ndio unajiandikisha.

Kwa hivyo ninachotaka si muujiza. Kila idara iweke wazi, kabla mtu hajalipa chochote: wasimamizi ni nani, wanashughulikia mada gani, nani ana nafasi mwaka huu, na wanafunzi wao wa mwisho walichukua miaka mingapi. Barua ya kukubaliwa iwe na jina la msimamizi, na awe amekubali mwenyewe. Asipopatikana ndani ya miezi mitatu, pesa irudi. Na CUE, ambao waliweka kikomo cha 3, waende idarani wahesabu vichwa. Hawahitaji kamati.

Na wewe unayesoma hii, labda mamako ni mwalimu, ama wewe mwenyewe uko mwaka wa mwisho wa BEd na una ndoto. Usianze na fomu, anza na mtu. Soma kazi yake. Mwandikie barua pepe fupi, eleza swali lako kwa aya mbili. Muulize kama ana nafasi. Tafuta mwanafunzi wake mmoja, umuulize chai ikiwa mezani: huwa anajibu? Ukikosa majibu, weka hiyo ada kwa mfuko.

Tata sasa anafanya hivyo, akiwa amechelewa na ana deni. Mwezi uliopita aliwaandikia wahadhiri saba wa vyuo tofauti. Wawili walijibu. Mmoja, mama, alimuuliza swali kuhusu ukurasa wa nne. Ukurasa wa nne, wasee! Tata alinipigia simu saa nne usiku kunisomea hilo swali, sauti inatetemeka kama mtoto aliyepata tiki ya kwanza kwa daftari.

Hajalipa kitu bado. Kwanza anajibu swali. Mtumie hii mwalimu mmoja unayemjua kabla hajachinja kuku.