Bosi, kununua boksi siyo kuunda ndege

Leo hatuongelei nani kaachana na nani wala nani kaonekana wapi usiku wa manane. Leo nina jambo la moyoni na najua litamkera mtu mmoja anayesoma ukurasa huu. Jina simtaji. Wanaomjua watamjua, na yeye atajijua kabla hajafika katikati.

Wiki mbili zilizopita nilialikwa kwenye hafla, hoteli moja hapa Dar, zile hafla za suti na juisi ya kwenye glasi ndefu. Katikati ya ukumbi kulikuwa na kabati la kioo, na ndani yake ndege mbili za plastiki, zile ndogo za kuunda kwa mkono. Moja ilikuwa Spitfire, ndege ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, kipimo cha 1/48, mabawa kama sentimita 23 kutoka ncha hadi ncha. Nzuri, lakini haikunitoa pumzi.

Iliyonitoa pumzi ni ya pili. Super VC10 ya East African Airways! Kipimo cha 1/144, urefu kama sentimita 36, injini nne zimebanana mkiani, na mwilini usajili 5H-MMT. Kwa vijana wangu wa juzi: hilo shirika lilikuwa la kwetu sote, Kenya, Uganda na Tanzania. Lilianza 1946 na likafa 1977, mwaka ule ule Jumuiya ilipovunjika. Super VC10 walikuwa nazo tano, na herufi 5H zilisema hii imeandikishwa Tanzania. Mzee mmoja pembeni yangu alivua miwani, akainama mpaka pua ikagusa kioo, akasema, "Mwanangu, hii niliipanda mimi." Akakaa kimya. Nami nikakaa kimya.

Ndipo akasimama mwenye kabati. Tumwite Bosi. Kamera zikamgeukia, na Bosi akasema bila kupepesa macho kwamba hizo ndege kaziunda yeye, miezi minne ya usiku, kwa mikono yake miwili. Watu makofi. Dada mmoja akamuuliza anapata wapi muda, akajibu ni suala la nidhamu.

Mimi siyo fundi wa mchezo huu, lakini nimekaa na mafundi wake miaka kadhaa, nimewashikia taa umeme ulipokatika. Basi nikamfuata na maswali mawili, kwa heshima zote.

La kwanza: "Bosi, puani uliweka uzito gani?" Akacheka. "Hapana mdogo wangu, sikuweka uzito. Ndege lazima iwe nyepesi."

Wadau, hapo ndipo nilipojua. Super VC10 ina injini zote nne mkiani, na mkia wenyewe ni mrefu na mabawa madogo yamekaa juu kabisa. Ukiiunda bila kuweka uzito puani, haisimami kwa magurudumu yake. Inakaa kitako kama mbwa anayesubiri mfupa, pua juu. Na ule uzito unautia kabla ya kuunganisha nusu mbili za mwili. Ukishafunga na gundi, imekula kwako. Hakuna mtu aliyeunda ndege hii akasahau habari ya uzito, labda aliyeinunua ikiwa tayari.

La pili: "Na ile mikanda ya rubani kwenye Spitfire, ile ya vibati, uliishikiza na nini?" Akajibu, "Gundi ya kawaida ya plastiki, ile ile tu."

Jamani! Gundi ya plastiki inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki, pande mbili zinayeyuka zinakuwa kitu kimoja. Chuma haikiyeyushi. Vipuri vya resini haivishiki pia. Hapo ni supaglu, tone dogo kwenye ncha ya sindano. Mtoto wa mwezi mmoja kwenye mchezo huu analijua hilo, kwa sababu vibati vyake vya kwanza vyote vilidondoka.

Sasa niwaambie aliyeunda. Yuko Mbagala, chumba kimoja, meza moja, feni moja. Jina lake pia silitaji, maana hakunituma, na nikimwambia naandika atasema niache. Uzito wa puani aliupata soko la samaki Feri: chubwi, zile risasi za kuzamishia mshipi wa mvuvi. Alizigonga kwa nyundo zikalala bapa, akazipanga nyuma ya chumba cha rubani, akajaribu kwa kuifunga ndege na utepe, ikaanguka kitako, akaongeza nyingine, ikasimama. Ndipo akaifunga. Nilikuwepo, nilizihesabu. Ni tano.

Ile mikanda ya Spitfire ni vibati vyembamba kuliko ukucha, vinakuja kwenye karatasi moja ya chuma, unavikata kimoja kimoja kwa wembe na kuvikunja kwa kibano. Ukipiga chafya kimekwenda. Dogo alikuwa anazima feni ili kisipeperuke. Dar, mwezi wa pili, mlango umefungwa, feni imezimwa. Jasho anafuta kwa kitambaa alichofunga mkononi ili lisidondoke kwenye rangi. Kisha maungio: puti, msasa, maji, anapitisha kidole, anasikia bonde, anarudia puti. Kisha rangi nyembamba nyembamba, siyo moja nzito. Kisha anaipaka ng'aring'ari kabla ya kubandika zile stika za maji, kwa sababu stika ukiibandika kwenye rangi iliyoparara inakamata hewa chini yake na kung'aa kama magamba ya samaki. Yale maandishi yaliyomfanya mzee wa watu avue miwani, dogo aliyabandika saa nane usiku kwa sababu ndio muda mtaa umetulia.

Kwa kazi hiyo alilipwa laki na nusu. Kwa zote mbili. Bosi ndiye aliyeleta maboksi, vibati na chumba cha rubani cha resini, vyote kutoka nje, na nadhani hivyo vipuri tu vilizidi ujira wa aliyevifunga.

Najua mtakachosema huko chini kwenye maoni, kwa hiyo ngoja nianze mimi.

Mtasema, "Hela yake, ndege yake." Sawa kabisa! Ndege ni yake, sijasema kaiba. Kuundiwa ndege kwa malipo ni biashara halali, dunia nzima ipo, na mafundi wengine wanaishi kwa kazi hiyo. Ukisema "hii ni yangu" hujadanganya. Ukisema "hii nimeiunda" umedanganya. Hayo ni maneno mawili tofauti na Kiswahili kimetupa yote mawili bure.

Mtasema, "Mbona nguo nzuri hatumtaji fundi cherehani?" Kwanza, tunamtaja. Mtu akisifiwa gauni, jambo la kwanza anaulizwa ni kashonewa wapi. Pili, hakuna bibi harusi aliyewahi kusimama mbele ya kamera akasema shela kalishona mwenyewe miezi minne.

Mtasema mimi nina wivu. Wivu wa nini, wa kabati?

Na kuna lingine linanichoma. Bosi huyu huyu ndiye anayewakatisha tamaa vijana wanaoanza. Kijana anaonyesha ndege yake ya kwanza, boksi la bei nafuu, kaiunda na vilivyomo ndani tu, hakuongeza kitu. Bosi anamjibu kwamba bila vipuri vya ziada "hiyo ni midoli". Mbele za watu! Nimeona kijana mmoja akifunika kazi yake kwa gazeti.

Bosi, mchezo huu haukuanzia kwenye mifuko ya watu kama wewe. Airfix ya Uingereza ilipotoa ile meli yake ndogo ya Golden Hind miaka ya 1950, iliuzwa kwenye maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili za wakati ule, ili mtoto mwenye hela ya peremende aweze kuinunua. Spitfire ikafuata baadaye. Vibati na resini vimekuja kuongeza utamu, na vina utamu kweli, sikatai. Chumba cha rubani cha resini kina vifundo na nyaya ambazo plastiki ya boksi haiwezi kuzitoa. Lakini kipuri cha ziada kinaongeza kazi, hakiipunguzi. Kila kibati ni saa nzima ya mtu fulani. Ndio maana anayeunda kwa mkono wake hamdharau mwenye boksi tupu, anajua kila hatua inagharimu nini. Anayedharau ni yule ambaye hatua zote kazipitia kwa kulipa bili.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo lilipo jambo lenyewe.

Mwezi uliopita dogo alisikia kuna ofisi moja ya wachora ramani za majengo inatafuta mtu wa kuwatengenezea mifano midogo ya majengo. Kazi ya mshahara, siyo ya kuokoteza. Akaenda na picha za kazi zake kwenye simu. Akaonyesha Super VC10. Yule aliyekuwa anamsaili akaitazama, akamtazama yeye, viatu vyake, akasema, "Kijana, hii mbona ni ya fulani? Nimemwona nayo kwenye taarifa ya habari." Dogo akaeleza. Akaambiwa kudanganya kwenye usaili si tabia nzuri, akafunguliwa mlango.

Mmeelewa? Mwenye kusema kweli katoka pale akiitwa mwongo, kwa sababu mwongo alitangulia kufika kwenye kamera.

Nilipomuuliza kwa nini hakubisha, aliniambia, "Dada, achana naye, ni mteja. Ana maboksi mengine matatu." Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Anaogopa kusema ndege ni kazi yake kwa sababu kesho atahitaji kuunda nyingine itakayokuwa kazi ya mwenzake.

Kwa hiyo Bosi, sikuombi uirudishe. Sikuombi hata uongeze hela, ingawa ungeongeza usingepungukiwa. Nakuomba kikaratasi kimoja ndani ya lile kabati, ukubwa wa kadi ya biashara, kiandikwe jina la fundi na namba yake ya simu. Na upige simu moja kwenye ile ofisi, useme ndege ni yangu, mikono ni ya kijana. Makofi yako hayatapungua. Mtu mwenye jicho la kumtambua fundi wa namna ile anastahili sifa yake, na hiyo ingekuwa sifa ya kweli.

Usipofanya hivyo, basi hafla ijayo mtu akuulize idadi ya chubwi. Nimeshakutajia humu. Lakini kumbuka, wadau wote sasa wanajua kwamba umeisoma kwangu.

Haya wadau, uwanja wenu. Wewe ulishawahi kuona kazi ya mkono wako ikipigiwa makofi mkononi mwa mwingine? Ulifanyaje? Tiririka hapo chini, ila majina ya watu wekeni kapuni kama nilivyoyaweka mimi.