Uzi wa njiani na kofia ya kichanga

Hakuna anayependa kwenda kumuona mzazi mikono mitupu. Wapo wanaobeba kanga, sabuni na unga wa uji. Wapo pia wanaojua kufuma, ambao huingia kwenye maduka ya nyuzi, wakachagua rangi, kisha wakafuma kofia ya mtoto ndani ya basi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, kupitia Kibiti, Daraja la Mkapa, Nangurukuru na Lindi. Kofia ya kichanga inaweza kukamilika kabla ya kushuka stendi.

Lakini wengi huuliza: Mtwara kuna joto, kofia ya nini?

Kichanga hupoa hata penye joto

Mtoto huzaliwa akiwa amelowa, na maji hayo yanapokauka huondoka na joto lake. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, mafuta chini ya ngozi ni machache, na bado hawezi kutetemeka kama mtu mzima ili apate joto. Chumba ambacho mama anakiona cha kawaida, chenye feni au upepo wa kusi unaopita dirishani, kinaweza kumpoza.

Joto la kawaida la kichanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Likishuka, mtoto hutumia nguvu nyingi, sukari yake mwilini hupungua na hunyonya kwa shida. Walio hatarini zaidi ni watoto njiti na waliozaliwa na uzito wa chini ya kilo 2.5. Wasiposaidiwa mapema, wanaweza kupoteza maisha.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto akaushwe mara anapozaliwa, awekwe kifuani kwa mama, avikwe kofia, na asiogeshwe hadi saa 24 zipite.

Dukani, angalia haya

Kwa pwani, uzi mwembamba wa pamba unafaa zaidi kwa sababu hunyonya jasho. Uzi wa akriliki hupatikana kirahisi, hufulika vizuri na hukauka haraka, lakini hushika joto na huyeyuka ukikaribia moto. Uzi wenye manyoya uachwe, kwani manyoya hunyofoka na kuingia mdomoni na puani.

Pitisha uzi shingoni mwako. Ukikuwasha wewe, utamuwasha mtoto. Sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa uone kama rangi inatoka. Bonge moja la gramu 50 linatosha kofia ya kichanga. Ukihitaji mabonge mawili, linganisha namba ya rangi kwenye karatasi zake, maana hutarudi kilomita 200 kutafuta rangi inayofanana.

Kama safari inaendelea hadi Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, au hadi Kilambo karibu na mpaka wa Msumbiji, nunua kila kitu ukiwa bado Mtwara mjini.

Kofia isiwe na vifungo, shanga, kamba za kufunga kidevuni wala kishada cha juu. Ncha za uzi zifichwe vizuri. Kwenye soksi, geuza ndani nje kila unapomvika mtoto: uzi mmoja uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kuzuia damu. Mtoto akilia bila sababu inayoonekana, kagua vidole vyake. Kabla ya kuvaliwa, kila kitu kifuliwe kwa sabuni isiyo kali na kisuuzwe vizuri.

Kofia haichukui nafasi ya kifua

Kwa mtoto njiti au mwenye uzito mdogo, tiba kubwa ni kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, soksi na kofia tu, kisha kanga ikawafunika wote wawili. Huduma hii inaitwa kangaroo na ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. WHO inashauri ifanyike saa 8 hadi 24 kwa siku. Baba, bibi au shangazi anaweza kumpokea mama anapohitaji kuoga au kupumzika.

Mtoto mwenye afya anaporudi nyumbani, hahitaji kofia akiwa amelala ndani. Joto likizidi nalo ni hatari, na kofia inaweza kuteleza ikamfunika pua. Gusa kifua au shingo yake: akiwa na jasho, mpunguzie nguo. Kwa njiti, fuata maelekezo ya muuguzi.

Wakati wa kuondoka nyumbani

Mtoto akiwa wa baridi tumboni na miguuni, akiwa na homa, akishindwa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akipata degedege au akigeuka manjano nyayoni, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Akisafirishwa kwa bajaji au bodaboda, upepo wa njiani humpoza haraka. Avikwe kofia, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, afunikwe kwa kanga pua ikiwa wazi, na kama anaweza kunyonya, anyonyeshwe kabla ya kuondoka.